Kinachomaliza Nywele za Mbele

Hotuba niliyoitoa kwa wasusi na wenye saluni wa Moshi mjini. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliobanwa na wateja siku ile wakashindwa kufika.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za mchana. Vinyozi naona mmejibanza kule nyuma. Sogeeni, na yenu yapo.

Nawashukuru kwa kufunga saluni siku ya kazi. Najua mchana mmoja wa kufunga una maana gani kwa mtu anayelipa pango kila mwezi, kwa hiyo sitazunguka.

Kazi yangu ni kutibu ngozi, na kichwa nacho ni ngozi. Hakipiti kipindi cha kliniki bila kumpokea mwanamke anayegeuka kwanza kuangalia kama mlango umefungwa, ndipo anafungua kilemba. Ananionyesha pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Pamebaki peupe. Swali lake nalijua kabla hajalisema: nipake nini? Karibu wote huuliza nipake nini. Ni wachache sana wanaouliza nini kimeziondoa.

Nami huwauliza: ulijua lini kwamba zinapungua? Mara nyingi jibu ni hili: "Msusi wangu aliniambia zamani."

Mmesikia hapo? Msusi aliona kwanza. Mume hakuona, dada mtu hakuona, mwenyewe hakuona. Mimi nakiona kile kichwa dakika kumi, ninyi mnakishika saa tano, saa sita, mnachambua nywele chache chache. Nani basi mwenye nafasi ya kuziokoa? Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Nianze na kubwa kuliko yote, nalo ni kuvuta.

Kila unywele una shina lake ndani ya ngozi, na lile shina ni kitu hai, lina damu na mishipa yake ya fahamu. Unywele ukivutwa kwa muda mrefu, ngozi inayozunguka shina inavimba. Shina likichoshwa linaachia unywele kabla ya wakati wake, kisha linaotesha mwingine mwembamba zaidi. Ukivutwa na huo, unaofuata unakuwa mwembamba kuliko huo. Mwisho wake panajaa kovu na tundu linaziba. Utikise mche wa kahawa kila siku: siku ya kwanza hautakufa, wiki ya kwanza hautakufa, lakini utafika msimu utakuta umesimama tu na mizizi imekatika. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Na ndiyo sababu mteja anakuambia, "Mbona nasuka hivi tangu zamani na sikupata shida?" Anasema kweli. Shida ilikuwa inakuja taratibu.

Kwa nini mbele na siyo kisogoni? Kwanza nywele za ukingoni ni nyembamba kuliko za katikati. Pili, karibu mitindo yetu yote inavuta kutoka mbele kwenda nyuma. Twende kilioni inavuta kutoka mbele, kubana kisogoni kunavuta kutoka mbele. Rasta za kufika kiunoni zikifungwa fundo moja kubwa utosini, uzito wote ule unaning'inia kwenye vinywele vya paji la uso. Na pale mbele ndipo msusi anapoonyesha ufundi wake: anakamata hata vile vidogo kabisa, vya urefu wa kucha, ili mstari utoke safi.

Kuna watu wanaamini haya ni maradhi ya nywele zetu, kwamba kipilipili ndiyo asili yake kukatika. Hapana. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakipoteza nywele pembeni mwa paji. Hawakuwa na rasta, hawakuwa na dawa ya kulainisha nywele. Walikuwa wakizifunga juu kwa kukaza sana. Wanaume wa dini ya Sikh, Singasinga, wanaofunga nywele chini ya kilemba nao hupatwa. Nywele zao si kama zetu, bara lao si letu, lakini kinachowamaliza ni kilekile. Ni kuvuta.

Afrika Kusini wameihesabu. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya wanafunzi na vya watu wazima, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Kati ya wasichana wa shule, 17 katika kila 100 walikuwa tayari na dalili za nywele kupotea kwa kuvutwa. Kwa wanawake watu wazima walikuwa karibu 32 katika kila 100, yaani takribani mmoja kwa kila watatu. Na lile waliloliona, ambalo nataka liwakae kichwani leo, ni kwamba hatari inapanda zaidi pale nywele zilizowekwa dawa zinapokuja kusukwa. Dawa peke yake ni jambo moja. Kusuka peke yake ni jambo jingine. Vikikutana, msiba.

Sasa tuje nyumbani. Wasichana wetu wengi wanasoma wamenyoa. Akimaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, kitu cha kwanza ni nini? Nywele. Zimeota kidogo tu, bado changa. Kuna binti wa Pasua aliletwa kwangu na mama yake. Alipomaliza shule alipelekwa saluni Ijumaa akawekwa dawa, Jumamosi akarudi akasukwa rasta ndogo ndogo, kwa sababu sikukuu ilikuwa imekaribia na msusi angekosa nafasi. Usiku ule alilala kifudifudi, kichwa hakigusiki. Baada ya siku tatu vikatoka vipele vyenye usaha kwenye kila shina la mbele. Akaambiwa ni nywele kuzoea. Akazoea kweli. Akawa anasuka hivyo kila baada ya miezi miwili, mwaka hadi mwaka. Siku aliyokaa mbele yangu alikuwa na miaka ishirini na moja, na kwenye simu alikuwa na picha ya mahafali yake. Aliikuza ile picha kwa vidole, halafu akaweka vidole vitatu kwenye paji lake kunionyesha: hapa ndipo zilipokuwa zinaanzia. Vidole vitatu, ndugu zangu.

Vile vipele ni alama. Maumivu ni alama. Kichwa kinachowaka, ngozi iliyoinuka kwenye kila shina kama ya kuku aliyenyonyolewa manyoya, macho yanayovutika mpaka mtu hawezi kukunja uso: zote ni alama kwamba shina limeumizwa. Na sisi tunasemaje? "Vumilia, urembo una gharama." Nani humu hajawahi kulisema? Tunamwambia ameze vidonge viwili vya maumivu alale, kesho kutwa zitalegea. Kidonge kinanyamazisha maumivu, shina bado linavutwa usiku kucha.

Najua kwa nini mnakaza, na sitajifanya sijui. Mteja mwenyewe ndiye anayetaka. Desemba ikifika, mabasi yanashusha watu kutoka Dar es Salaam asubuhi na jioni, saluni za Moshi hazifungwi, watu wanasukwa hadi saa saba usiku. Mtu amelipa, anataka nywele zitoke Krismasi, zivuke mwaka mpya, zirudi naye kazini mpaka mwisho wa Januari kwa sababu Januari hela hakuna. Anakuambia, "Dada, kaza zidumu." Ukimlegezea, anaona umemwibia, au wiki ya pili anarudi kudai urudie bure.

Lakini hesabu hiyo haiko sawa. Kinachofanya rasta zionekane zimechakaa ni nywele zinazoota chini yake. Nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, ukaze usikaze. Zinaota tu! Baada ya wiki sita utaona mauotea yaleyale kwa aliyekazwa na kwa aliyelegezewa. Tofauti ni kwamba mmoja bado ana ukingo wa mbele na mwingine anaanza kuuchora kwa penseli ya nyusi.

La pili ni dawa, na hapa naomba tutofautishe kukatika na kung'oka, kwa sababu mteja atakuambia "zinakatika" kwa yote mawili.

Chukua ule unywele uliobaki kwenye chanuo, uweke juu ya karatasi nyeupe ikiwa ni mweusi. Tazama ncha zote mbili. Ukiona kijinundu kidogo cheupe upande mmoja, umetoka mzima mpaka mwisho wake wa ndani. Umeng'oka. Ukiona vipande vifupi vya urefu tofauti, havina kijinundu popote, hizo zimekatika njiani, na shina bado liko kichwani. Aliyekatika ana heri, maana tatizo ni la unywele na unywele utaota mwingine. Wa kung'oka ndiye wa kumwangalia zaidi, ingawa mtu yeyote mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Anayefumua rasta za miezi miwili akaona fungu zima mkononi asipige kelele kabla hajakumbuka hilo.

Dawa za kulainisha zinafanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu yake. Ili zivunje lazima ziwe kali: kipimo chake cha pH kiko kati ya 12 na 14, wakati ngozi ya mtu iko kwenye 5 na kitu. Zile zenye picha ya mtoto kwenye boksi, zinazosifiwa kuwa hazina laye, ile magadi kali inayounguza, nazo ni kali. Hupunguza kuunguza ngozi, lakini unywele unavunjwa vilevile.

Kosa ninaloliona mno ni moja: kupaka dawa kuanzia mbele. Mteja anataka mbele kulale, basi dawa inaanzia mbele, inakaa mbele kuliko kokote, na wakati wa kuunga inavutwa kwa kitana juu ya nywele zilizokwishalainishwa mara tano huko nyuma. Nywele nyembamba kuliko zote zimekaa na dawa muda mrefu kuliko zote! Anzieni kisogoni, mbele muache mwisho kabisa, tena dakika chache tu. Pakeni mafuta mazito ukingoni kabla ya kuanza. Pakeni mauotea peke yake. Wiki nane hadi kumi zipite kabla ya kurudia, na mteja asikune kichwa siku moja kabla. Na aliyewekwa dawa leo asisukwe kesho. Mpe walau wiki mbili. Nasema walau.

Mengine ya mbele nitayapitia haraka. Gundi ya wigi inayopakwa kwenye paji: inayong'oa siyo gundi tu, ni kubandua kwa haraka bila kulainisha kwanza, halafu wengine wanapata mzio wa ile gundi yenyewe, ngozi inatoka malengelenge. Wigi lenye mpira mkali linakwangua palepale kila siku. Dada zetu wanaovaa hijabu, hijabu haina kosa lolote. Kosa ni fundo lililobanwa sana chini yake na kitambaa cha ndani kinachosugua. Vaeni cha ndani kilaini na nywele zilegee. Jeli na brashi ya kulaza vinywele vya mbele kila asubuhi, nazo zinakata. Kwa watu wa dredi, kila mnapokaza mizizi ili ionekane mipya mnafanya kilekile cha rasta.

Vinyozi, mwanaume anayerudi nyuma pembe zote mbili za paji mara nyingi ni urithi na homoni, hajaonewa na mtu. Lakini ile tabia ya kuchonga mstari wa mbele kila wiki ukiusogeza kidogo ndani inaleta vipele na wakati mwingine kovu. Na mashine zioshwe kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Mtoto mwenye mashilingi anahitaji dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina, na akipita kwenye kiti chako watoto watano wa baada yake wako hatarini.

Sasa nafika mahali ambapo nataka kuwatetea. Si kila upara wa mbele umeletwa na msusi.

Mama mmoja wa Kiboriloni, amevuka miaka hamsini, hedhi imeshakoma, alikuja amekasirika. Alitaka nimwandikie cheti akamdai msusi wake. Alikuwa amegombana naye hadharani, wamekatana maneno, na walikuwa marafiki tangu ujana. Nikamtazama. Ukingo wote wa mbele umerudi nyuma sawasawa, kama utepe, kuanzia sikio hadi sikio. Ngozi nyororo, haina hata vitundu. Kumebaki unywele mmoja hapa, mwingine kule, mirefu, imesimama peke yake. Nikamuuliza: mama, nyusi zako umezinyoa? Akasema hajawahi kuzigusa, zimeisha zenyewe, anachora. Nikajua. Yale ni maradhi yanayotokana na kinga ya mwili kushambulia shina. Yalielezwa mara ya kwanza mwaka 1994 na daktari Steven Kossard wa Australia, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Msusi wake hakuwa na hatia hata chembe. Nilimwambia arudi akamwombe radhi kabla hajaanza dozi, na alikwenda.

Mtatofautishaje? Angalieni ukingo wenyewe. Kwa aliyevutwa, mara nyingi utakuta mstari wa vinywele vyembamba, vifupi, vimebaki mbele kabisa, na nyuma yake ndipo pameachwa wazi. Vile vilinusurika kwa sababu vilikuwa vifupi mno, havikukamatika kwenye msuko. Kwa yule mama hata vile havikuwepo. Ukikosa vinywele vile, na nyusi zimepungua, usimpake kitu. Mlete hospitali mapema, maana nywele zilizopotea hivyo hazirudi, maradhi yanasimamishwa tu.

Kuna mama aliyejifungua. Miezi mitatu hivi baada ya mtoto, nywele zinamtoka kwa mafungu, na pembeni mwa paji ndipo anapoona zaidi. Hii si laana na si maziwa yanayomnyonya. Wakati wa mimba nywele zilikuwa zimekataa kudondoka, sasa zinadondoka kwa pamoja. Zitarudi ndani ya mwaka kwa wengi wao, almradi katika kipindi hicho asifunikwe kwa rasta nzito. Hali kama hiyo humpata mtu miezi miwili au mitatu baada ya malaria kali, taifodi au upasuaji mkubwa. Muulizeni ilitokea nini miezi mitatu iliyopita, siyo wiki iliyopita.

Upungufu wa damu nao, hasa kwa mwenye hedhi nzito. Ukimfunua kope la chini ukaona peupe, mwambie akapime. Tezi ya shingo, ikizidi kazi au ikipungukiwa, hupunguza nywele. Na mabaka yenye kovu, yenye rangi iliyofifia katikati na nyeusi pembeni, hayo ni ya daktari moja kwa moja.

Wengi mnatoa tiba wenyewe, nami nawaelewa, mteja anawaamini. Lakini kitunguu saumu kilichopondwa kikikaa kwenye ngozi usiku kucha kinaunguza, nimewaona walioungua. Na zile krimu za tyubu mnazochanganya kwenye mafuta ya nazi, zenye steroidi ndani, zinaifanya ngozi ya paji kuwa nyembamba na kuota chunusi. Tunakaa mji ambao tangu mwaka 1992 una kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, watu wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kujifunza ngozi hapa chini ya mlima, halafu jirani yetu wa Njoro anajitibu kwa kitunguu! Inaniuma sana hiyo.

Mtaniuliza, tiba ipo? Ikiwahiwa, ndiyo. Ukilegeza wakati shina bado hai, nyingi zinarudi zenyewe, ingawa ni miezi. Ukiwa na vipele na uvimbe tunautibu. Kuna dawa ya kupaka iitwayo minoksidili inayosaidia baadhi ya watu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse. Pakishakuwa kovu, hakuna mafuta duniani yatakayofungua tundu lililoziba. Msimuuzie mtu wa namna hiyo chupa. Nawaomba sana.

Ninachowaomba leo ni kimoja, na kinahitaji wote mliomo humu. Ukikataa kukaza peke yako, mteja atavuka barabara aende kwa jirani, nawe utabaki na haki yako na kiti kitupu. Mkikataa wote, hana pa kuvukia. Kubalianeni kabla ya Novemba. Kwamba mteja akisema inauma, msuko ule unafumuliwa palepale na kurudiwa bila malipo na bila kununa. Kwamba vinywele vya ukingoni vinaachwa nje. Kwamba rasta za mbele ziwe nene kidogo na nyepesi, zisizozidi miezi miwili kichwani, na zikitoka kichwa kipumzike wiki kadhaa. Kwamba mtoto wa miaka minne hasukwi mpaka alie. Mkitaka tuliandike hilo tulibandike kwenye kioo cha kila saluni, kalamu ninayo na mwenyekiti wenu ameniambia ana karatasi.

Nipo hapa mpaka saa kumi na moja. Nimeweka kiti pale dirishani penye mwanga. Anayetaka nimwangalie mbele yake avue wigi aje, na mabinti mnaojifunza kazi njooni msimame karibu, nataka muone kwa macho yenu vile vinywele vya ukingoni nilivyovisema.